Nyumba Yangu Haina Mlango: Nani Alisema Jibu Ni Moja Tu?

Wiki jana mtoi wa jirani alinikujia na karatasi ya mtihani mkononi, uso umekunjamana kama nguo iliyotoka kwa beseni. Ako gredi ya tano. Akaniambia, "Bro, hebu niangalilie hii. Mwalimu amenipiga ekisi na mimi najua niko sawa."

Nikaangalia. Swali lilikuwa la Kiswahili. Tegua kitendawili hiki: Nyumba yangu haina mlango.

Wewe na mimi tunajua jibu. Yai. Tumelikariri tangu tukiwa wadogo, mpaka ukiniamsha saa nane usiku ukaniuliza nitakujibu yai kabla sijafungua macho. Lakini huyu mtoi alikuwa ameandika: "Nyumba siku ya kubomolewa."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kama unakaa mtaa huu unajua ni kwa nini. Mei 2020, katikati ya korona, tingatinga ziliingia upande wa sewage hapa Kariobangi zikaangusha manyumba, watu wakalala nje kwa mvua. Huyu mtoi alikuwa na kama miaka mitano. Nikamuuliza jibu amelitoa wapi. Akaniangalia kama mimi ndiye sijaelewa swali. "Mathe alitoa mlango kwanza," akasema. "Halafu mabati. Kila mtu alikuwa anatoa mlango. Manyumba zote hazikuwa na milango."

Sasa niambie, ni wapi amekosea? Swali linataka nyumba isiyo na mlango. Amekupa nyumba. Haina mlango. Ameiona na macho yake. Yai kusema kweli si hata nyumba, ni sisi tumekubaliana tuliite nyumba.

Hii posti si ya kumtusi mwalimu. Mwalimu ana watoto wengi kwa darasa, ana mwongozo wa kusahihisha, na mwongozo unasema yai. Kilichonikaa kichwani ni swali lingine: ilikuwaje mchezo wa mafumbo, ambao ulikuwa wa kubishana, ukageuka kuwa kitu cha kupigiwa ekisi? Hiyo ina historia, na historia yenyewe ni ndefu kuliko unavyodhani. Tulia nikupeleke.

STIMA IKIPOTEA

Naanzia kwa ploti yetu. Nikiwa mdogo stima ilikuwa inapotea kila mara, na ikipotea hakuna tivii, hakuna redio, kwa hivyo watoi wote wa ploti wanajikusanya kwa ngazi. Shosho wangu alikuwa anatoka na kiti chake cha plastiki anakaa mlangoni. Halafu anaita: "Gwata ndaĩ!" Sisi tunaitikia, anatega. Ukishindwa, unamlipa kitu, hata kama ni cha uongo, ndio akupe jibu.

Mama mmoja aliyekuwa amehamia kutoka Mombasa naye alikuwa anatega kivyake. "Kitendawili!" Tunajibu, "Tega!" Huyu alikuwa anataka mji. Ukishindwa anasema, "Haya, nipeni mji." Unampa Nakuru. Anakataa, Nakuru kuna baridi. Unampa Kisumu. Anafikiria, anakubali, halafu anaanza kuzunguka huko Kisumu kwa maneno, ameenda sokoni, amekula samaki, amepokewa kama mfalme, na mwishowe ndio anakuachilia jibu. Sisi tulikuwa tunampa Dandora makusudi ndio akasirike.

Kitu ninachokumbuka zaidi ni kelele. Watu walikuwa wanabishana. Alitega siku moja: "Kila niendapo ananifuata." Jibu la kawaida ni kivuli. Fundi mmoja wa viatu aliyekuwa anarudi kutoka kazini akasema, "Deni." Ploti nzima ikaangua kicheko. Yule mama hakumwambia amekosa. Alimwambia, "Usiku kivuli kinapotea. Deni linapotea lini?" Fundi akasema, "Halipotei." Mama akasema, "Basi yako ni kali kuliko yangu," akampa mji yeye. Leo fundi angesema mkopo wa simu, na ningempa mji pia.

Hapo ndipo nilijifunza kubishana kwa hoja. Jibu lako likipingwa, unalitetea. Ukishindwa kulitetea, unatoa mji. Ukiweza, mji ni wako. Hata vitabu vya fasihi simulizi vya sekondari vinakubali kwamba kitendawili kimoja kinaweza kuwa na jibu zaidi ya moja. Inaandikwa hapo mwanzo wa sura, halafu ukifika kwa maswali imesahaulika.

Na usidhani wazee walikuwa wanacheza kitoto. Kwa Wagĩkũyũ kulikuwa na gĩcandĩ: kibuyu chenye mbegu ndani kinacholia kama kayamba, na nje kimechorwa alama. Watu wawili wanashindana kwa ushairi wa mafumbo, mmoja anatega, mwenzake anategua, na alama za kwa kibuyu zinasaidia kumbukumbu. Huo ulikuwa mchezo wa watu wazima wenye akili kali. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka 1980, msimulizi wake alimfanya kuwa mchezaji wa gĩcandĩ. Alijua ni nani kwa jamii anaaminika kusema ukweli kwa mafumbo.

Huku Pwani pia hivyo hivyo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne mbili zilizopita, alikuwa anatumia mafumbo kwa mambo mazito ya siasa na vita kati ya miji. Unatuma shairi, upande wa pili wakishindwa kulifumbua, aibu ni yao.

MBUZI, CHUI NA MTO

Sasa twende mbali kidogo. Kuna fumbo moja la mantiki ambalo ukiingia kwa intaneti kutafuta maswali ya kunoa bongo za watoto, lazima ulipate. Mtu ana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Anataka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha mbwa mwitu na mbuzi, mbuzi analiwa. Akimwacha mbuzi na kabichi, kabichi inaliwa. Atavukaje?

Kama hujawahi kulifanya, simama hapa ujaribu. Kama umeshindwa, nipe mji. Haya, nimechukua Naivasha. Jibu: anavusha mbuzi kwanza, anarudi peke yake. Anavusha mbwa mwitu, lakini anarudi na mbuzi. Anamwacha mbuzi, anavusha kabichi. Anarudi peke yake, anamalizia na mbuzi. Safari saba. Ujanja uko pale kwa kurudi na mbuzi, kwa sababu kichwa kinakataa kurudisha kitu ambacho tayari umeshavusha.

Ukiuliza fumbo hili limetoka wapi, utaambiwa Ulaya. Ni kweli liko kwa mkusanyiko wa Kilatini wa maswali zaidi ya 50 ya kunoa akili za vijana, unaosemekana kuwa wa Alcuin, msomi wa York aliyefundisha kwa mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Kwa hivyo lina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Lakini mwaka 1990 mwanahisabati Mmarekani, Marcia Ascher, alichapisha makala akaonyesha kwamba mafumbo ya kuvuka mto yamerekodiwa kwa jamii nyingi za Afrika: Algeria, Ethiopia, Liberia, Zambia. Na Zanzibar. La Zanzibar halina mbwa mwitu wala kabichi. Lina chui, mbuzi na majani ya mti. Na ndani yake kuna Sultani: mgeni anakataa kutoa kodi yake mpaka kwanza huko kwa Sultani apatikane mtu wa kutegua fumbo.

Soma hiyo tena polepole. Ni mlipa kodi anamtegea mtawala. Huko Ulaya fumbo ni la mwalimu kumpima mwanafunzi. Huku kwetu kwa hiyo hadithi fumbo ni la mtu wa chini kumpima mkubwa: kama huna akili ya kunijibu, una haki gani ya kunitoza?

Halafu kuna la Zambia, na hili ndilo limenifanya niandike posti yote. Lilirekodiwa kwa watu wa Ila na likachapishwa 1920. Mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi. Vitu vinne. Mtumbwi unabeba kimoja tu. Chui atakula mbuzi, mbuzi atakula mahindi, panya naye atakula mahindi.

Jaribu. Ukibeba mbuzi, umewaacha panya na mahindi. Ukibeba mahindi, umewaacha chui na mbuzi. Ukibeba panya au chui, umewaacha mbuzi na mahindi. Hata safari ya kwanza haiwezekani. Kwa mantiki tupu, njia ni moja: acha mmoja nyuma. Achana na panya, au achana na chui, na fumbo linakuwa lile la kawaida ambalo tumeshalifanya hapo juu.

Yule mtu anafikiria hiyo njia. Halafu anasema chui na panya wote kwake ni kama watoto wake. Kwa hivyo havuki. Anabaki alipo.

Hiyo ndiyo mwisho wa hadithi. Mwalimu wa hesabu angempiga ekisi. Lakini angalia vizuri: huyo mtu hajashindwa na mantiki. Amepiga hesabu yote, ameona bei ya kuvuka ni mtoto mmoja, na amekataa kulipa. Hilo ni jibu. Mimi nafikiri ni jibu la mtu mzima kabisa.

WALIOPIMA UBONGO WETU

Sasa tunarudi Nairobi, na hapa ndipo kicheko kinaisha.

Miaka ya 1930, wakati shosho za shosho zetu walikuwa wanategana ndaĩ kila jioni, kulikuwa na wazungu hapa mjini waliokuwa na swali lao: je, Mwafrika ana akili kiasi gani? Mmoja alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, H. L. Gordon. Hiyo hospitali bado iko pale Thika Road, ukitoka Kariobangi na matatu si mbali. Mwingine alikuwa F. W. Vint, mtaalamu wa maabara hapa Nairobi. Gordon alipima vichwa vya watu. Vint alipima bongo za maiti, akazipima uzito na kuzikata, na mwaka 1934 akachapisha makala kwa jarida la sayansi la Uingereza akidai ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni mdogo kuliko wa Mzungu. Mwaka 1933 walikuwa wameshaunda hata chama hapa Kenya cha kusoma uboreshaji wa mbari za watu. Waliomba pesa za utafiti kutoka London. Hawakupewa, na ile sayansi yao ilikuja kuonekana kuwa takataka.

Lakini elewa hiyo mizani ilikuwa ya nini. Ukishasema mtu ubongo wake ni mdogo, hakuna haja ya kumjengea shule nzuri. Hakuna haja ya kumlipa vizuri, wala kumuuliza maoni kuhusu ardhi yake. Kipimo cha akili kilikuwa sera tayari.

Mwaka 1932 ulikuwa pia umechapishwa hapa Nairobi mtihani wa akili kwa Waafrika, uliotungwa na mwanasaikolojia R. A. C. Oliver. Huyo hakuwa wa kukata bongo, alikuwa anatumia maswali. Ila wazo lilikuwa limeshaingia nchini: akili ni kitu kinachokaa kwa karatasi, swali lina jibu moja, na mwenye jibu ni yule aliyeandika swali.

Hapo fumbo lilibadilisha mkono. Kwa ngazi za ploti yetu, aliyetega aliweza kushindwa. Kwa karatasi, aliyetega hashindwi kamwe.

NDEGE KUMI MTINI

Baada ya uhuru tulijaribu kurekebisha. Mwaka 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka pale Chuo Kikuu Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati. Walishinda, na polepole fasihi simulizi ikaingia mashuleni. Ndiyo maana wewe na mimi tumesoma vitendawili darasani. Ni ushindi mkubwa, na mimi nashukuru.

Shida ni nyumba ambayo fasihi simulizi iliingia. Iliingia kwa nyumba ya mitihani. KCPE ilianza 1985 na ya mwisho ikafanywa 2023, na kwa hiyo miaka yote maswali mengi yalikuwa ya A, B, C, D. Unapaka penseli, mashine inasoma. Mashine haiwezi kukuuliza, "Kwa nini umesema deni?" Kwa hivyo kilichokuwa mazungumzo kikawa orodha. Yai. Nanasi. Kivuli. Macho. Tulikariri majibu ya mafumbo bila kuwahi kufumbua hata moja. Hebu fikiria huo upuzi: unamfundisha mtu kuogelea kwa kumpa orodha ya mito.

Kuna moja tunaita chemshabongo, iko hata kwa silabasi ya sekondari kwa jina hilo hilo. Ndege kumi wako mtini. Umepiga mmoja kwa jiwe akaanguka. Wamebaki wangapi? Mtoto wa shule anasema tisa, kwa sababu kumi toa moja ni tisa. Shosho anasema hakuna, kwa sababu wengine wameruka.

Nani ana akili hapo? Wote wawili. Mtoto anajua hesabu, shosho anajua ndege. Hatari ni kumlea mtoto anayejua kumi toa moja lakini amesahau kwamba ndege wanaruka. Na hatari ya pili, nisiwe mnafiki, ni kumlea mtoto anayejua ndege pekee. Hospitalini, kwa benki, kwa kompyuta, kumi toa moja lazima iwe tisa. Sitaki mtu anisome hapa aseme mimi napinga hesabu. Napinga kusema kwamba mmoja wao ni mjinga.

Na hii si maneno yangu tu. Karibu na mwaka 2000, watafiti wakiwa na mwanasaikolojia Mmarekani Robert Sternberg walienda Usenge, kule ufuoni mwa Ziwa Victoria, wakafanya kazi na watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima maswali ya kishule, halafu wakawapima pia kitu kingine: wanajua nini kuhusu dawa za miti shamba za kwao, ipi ni ya nini, unatumia vipi. Kule malaria na minyoo ni mambo ya kila siku, hiyo si elimu ya kujionyesha. Matokeo yalitoka 2001. Watoto waliojua dawa zaidi ndio kwa wastani walipata alama za chini kwa baadhi ya maswali ya kishule.

Si kwamba dawa inaua akili. Wenyewe watafiti walieleza kwamba wakati ni mmoja: familia nyingine inaona faida kwa shule, nyingine inaona faida kwa maarifa ya nyumbani, na mtoto anaenda upande ambao watu wake wanamvutia. Watafiti hao hao waliandika jinsi Waluo wa huko wanavyozungumzia akili. Hawana neno moja, wana kadhaa. Rieko ni ule ujuzi na uwezo wa kufanya vitu. Luoro ni heshima na kujua kuishi na watu. Winjo ni kuelewa mambo. Paro ni kufikiria na kuanzisha jambo.

Sasa chukua ule mtihani wa mtoi wa jirani. Ulikuwa unapima gani kati ya hizo nne?

BODI ZA VIZIBO

Nenda Light Industries hapa Kariobangi saa saba mchana, mafundi wakipumzika. Utapata watu wameinamia kipande cha mbao kilichochorwa miraba, wanacheza drafti na vizibo vya soda, upande mmoja vimeangalia juu, mwingine chini. Simama uangalie dakika kumi. Kuna jamaa ambaye hakumaliza la nane lakini anaona hatua sita mbele. Anakutegea kizibo kimoja bure, unakula kwa furaha, halafu anakumaliza vitatu kwa mpigo mmoja. Hiyo ni mantiki tupu. Hakuna aliyewahi kumpa cheti chake.

Na watoi wako pale kando wanaangalia. Wanajifunza bila kulipa shilingi.

Kule Katwe, Kampala, Robert Katende aliwaanzishia watoto wa mtaa sataranji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaishia kuwakilisha Uganda kwa mashindano ya dunia, mpaka Disney wakatengeneza filamu 2016. Wengi waliiona wakasema, "Ala, kumbe watoto wa ghetto wana akili!" Kumbe nini? Akili ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni bodi, na mtu wa kukaa chini na kusema, "Haya, nionyeshe unafikiriaje."

Tanzania wametuonyesha pia kwamba inawezekana kwa wingi. Ubongo Kids imekuwa ikirushwa tangu 2014, hesabu na mantiki kwa Kiswahili, na katuni na nyimbo, na wanyama na mitaa ambayo mtoto wa Afrika Mashariki anaitambua.

Nasema hivi kwa sababu naona biashara imeingia. Wazazi wanauziwa vitabu vya kunoa bongo na michezo ya mbao kutoka ng'ambo, bei yake ni unga wa mwezi, halafu mathe wa Kariobangi anaona hana uwezo anaingia aibu, anadhani mtoto wake atabaki nyuma. Mathe, sikiza. Kama unaweza kununua, nunua, si vibaya. Lakini fumbo la chui na mbuzi ni bure. Drafti ni kipande cha mbao na vizibo 24. Kitendawili ni mdomo tu, na stima ikipotea.

Kitu ambacho si bure ni kusikiza. Kumuuliza mtoto "kwa nini?" baada ya jibu, na kungoja. Hata likiwa jibu sahihi, muulize. Hasa likiwa sahihi, maana hapo ndipo utajua kama amefikiria au amekariri. Na kama ni jibu usilolitarajia, usikimbilie ekisi. Mpe nafasi alitetee. Akishindwa, achukue mji wake wa kupoteza kama watu wengine. Akiweza, mpe mji.

Walimu, najua muda hamna. Naomba kitu kidogo tu. Kwa kila mtihani wekeni swali moja lisilo na mwongozo: tunga kitendawili chako mwenyewe, toa jibu, eleza. Mtashangaa wanaishi wapi hao watoto mnaowafundisha.

MLANGO

Nimalizie na yule mtoi. Nilimwambia hivi: kwa mtihani, andika yai, chukua alama yako, usijifanye shujaa. Alama ni nauli, na unaihitaji. Lakini jibu lako halina makosa, na siku yoyote mtu akikuambia lina makosa mwambie akuonyeshe mlango uko wapi.

Alifikiria kidogo. Halafu akaniambia, "Bro, na mimi nina kitendawili."

Nikasema, "Tega."

Akasema, "Mlango wangu hauna nyumba."

Nilijaribu. Nikasema geti la uwanja. Akakataa, uwanja una ukuta. Nikasema mlango wa matatu. Akakataa, matatu ni nyumba ya makanga. Nikasema goli. Akakubali kidogo halafu akakataa. Mwishowe nikachoka nikampa mji. Nilimpa Mombasa. Akaenda Mombasa, akaogelea, akala viazi karai, akalala kwa hoteli kubwa, akarudi.

Jibu ni ule mlango ambao mathe yake aling'oa Mei 2020. Bado wanao. Nyumba wanayokodi sasa ina mlango wake wa chuma, kwa hivyo ule wa mbao umesimama nyuma ya kitanda, umeegemea ukuta, unangoja.

Sasa na wewe tega chako hapo chini. Ukinishinda nitakupa mji, ila Kariobangi sitoi.